Machozi si kipimo cha uigizaji

Wiki iliyopita kijana mmoja alifika mazoezini kwetu, hapa Mombasa, na kabla hajaketi akaniambia, "Mwalimu, mimi naweza kulia papo hapo." Kauli hiyo nimeisikia kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, na hata kwa watayarishaji ambao kwenye usaili humtaka kila msichana alie. Miongoni mwa dhana zote zinazouzunguka uigizaji, sijaona inayoharibu vipaji kuliko hii ya kwamba anayelia ndiye mwigizaji mzuri.

Ukweli ni kwamba mtazamaji haguswi na chozi, bali huguswa na mtu anayejitahidi kutimiza jambo huku huzuni ikimzuia. Aliyefiwa huuliza kama wageni wamepata chai, hutandika mikeka, hufunika uso kwa leso asionekane. Wanaotetea machozi hupenda kumtaja Konstantin Stanislavski, mwalimu wa uigizaji wa Urusi na mmoja wa waanzilishi wa jumba la maigizo la Moscow Art Theatre mwaka 1898, kwa kuwa mwanzoni alisisitiza kumbukumbu za hisia, yaani mwigizaji akumbuke aliyowahi kuyahisi mwenyewe. Wasichokitaja ni kwamba miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki mwaka 1938, aliielekeza kwenye vitendo vya mwili: mwigizaji ajue mhusika anataka nini na anafanya nini ili akipate, kisha hisia ifuate kitendo.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akimwigiza mke wa mvuvi anayeletewa habari kwamba dau la mumewe halijarudi. Mara ya kwanza alipiga kelele, akajitupa chini, machozi yakammiminika, na wenzake wakawa wanaangalia simu zao. Nikampa uteo wenye mchele, nikamwambia kazi yake ni kumaliza kuuchagua kabla ya adhana ya magharibi, wala asilie. Jirani alipoingia na habari, vidole viliendelea na kazi, kisha vikapunguza mwendo, na baada ya muda akavichukua vile vijiwe alivyokwisha kuvitenga, kimoja kimoja, akavirudisha ndani ya mchele. Chumba kizima kilinyamaza.

Mbele ya kamera hasara ni kubwa zaidi. Onyesho moja hupigwa kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha kutoka upande wa mwenzako, na kila mara unatakiwa kurudia yale yale, kwa mkono ule ule na katika neno lile lile, ili mhariri aweze kuyaunganisha. Aliyeyamaliza machozi yake kwenye picha ya mbali hufika kwenye picha ya karibu akiwa na macho makavu yaliyovimba. Machozi yenyewe, yakihitajika, mpambaji huweza kuyaleta kwa kupaka menthol kidogo chini ya macho, lakini hakuna mpambaji awezaye kukupaka uwezo wa kumsikiliza mwenzako. Kwa sababu hiyo mimi humtuma kila mwanafunzi wangu mpya kivukoni Likoni na daftari, akae saa nzima akiandika jinsi anavyosimama mtu aliyechelewa kazini, na jinsi anavyosimama asiyetaka kufika aendako.

Wapo wanaosema kipaji kinatosha. Lupita Nyong'o alipopokea tuzo ya Oscar mwaka 2014, wengi walidhani ameibuka usiku mmoja, ilhali alikuwa amehitimu shahada ya uzamili ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2012.

Wengine huamini kwamba anayejulikana ana fedha. Mzee Ojwang, mchekeshaji wa runinga nchini Kenya, alilichekesha taifa kwa miongo kadhaa, na uzeeni wananchi ndio waliomchangia matibabu ya macho. Wengi wetu waigizaji hulipwa kwa siku ya upigaji picha, na tamthilia ikirudiwa mara kumi hatupati kitu iwapo mkataba haukusema. Mimi nilitia sahihi mkataba mmoja bila kusoma ukurasa wa pili, na hadi leo jambo hilo linaniuma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake, na vipo vyama vya kukusanya mirabaha ya waigizaji. Basi soma mkataba wote, hata kama gari la kukupeleka linapiga honi nje.

Ipo pia dhana kwamba anayeigiza mtu mwovu ana roho mbaya. Nilipomwigiza baba mkwe katili, mama mmoja pale Marikiti alikataa kuniuzia viungo. "Wewe baba," akaniambia, "yule mtoto wa watu amekukosea nini?" Sikumkatiza, kwa kuwa yote aliyoyasema juu ya mtu yule yalikuwa ya haki. Aliponipimia iliki na bizari, nilikuwa nimekwisha kumweleza kwamba aliyeigiza mkwe wangu ni mwanafunzi wangu, na kwamba kila tulipomaliza kupiga picha tuliketi tukanywa chai pamoja.