Usiniulize ni kilomita ngapi

Saa 3:10 asubuhi simu inaita. Ni kijana mshiriki wa kongamano la vijana wafanyabiashara, na zamu yake ya kusimama mbele ya waamuzi ni saa 3:30. "Dada, niko karibu, ramani inasema dakika kumi na nane." Uko wapi mdogo wangu? "Nimefika Bamaga." Ukumbi uko Posta, katikati kabisa ya Dar es Salaam. Saa 3:25 anapiga tena: "Dada, sasa inasema kumi na tisa."

Aliingia saa 4:20, katikati ya mapumziko ya chai, amekumbatia boksi la pakiti za unga wa lishe, shati limemganda mgongoni. Waamuzi walikuwa na sambusa mkononi. Nilimtafutia dakika tatu mwisho wa siku, watu wakiwa wameshaanza kukusanya mabegi. Jioni akaniambia, kwa adabu kabisa, neno ambalo ndilo limenikalisha kuandika hapa: "Lakini dada, nilipochukua chumba niliangalia. Ni kilomita tisa tu."

Hiyo "tu" imenizeesha. Huu ni mwaka wangu wa tisa wa kupanga usafiri wa wajumbe wa mikutano Dar es Salaam, na kila kongamano la vijana nakutana nayo: saba tu, tano tu, hapo tu. Wakubwa hukosea pia, ila wao wana madereva wa kuwalaumu.

Hebu tuelewane. Mji huu mgongo wake ni bahari. Posta, Kariakoo na bandari viko ukingoni kabisa mwa maji, na barabara kubwa zinachanua kutoka hapo kama vidole: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere (wazee bado wanaiita Pugu Road) na Kilwa. Zinazokatiza kati ya vidole ni za kuhesabu: Kawawa, halafu Mandela na mwenzake Sam Nujoma. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na ukisimama Ubungo saa 1 asubuhi utaapa kwamba wote wanaelekea upande mmoja. Asubuhi mji unameza, jioni unatapika. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mjumbe ni hili: utaingia kwa barabara gani, ukiwa unaenda na watu au unapishana nao?

Hapa ndipo nabishana na vijana mpaka sauti inakauka. Chukua kongamano lililoko Mlimani City. Kijana anachukua chumba Kimara, anaona yuko jirani, kilomita sita au saba. Mwenzake amelala Posta, karibu mara mbili ya umbali huo, na wenzake wanamcheka. Asubuhi yule wa Kimara anaingia Morogoro Road pamoja na Kimara nzima, Mbezi nzima, Kibamba nzima na mabasi ya mikoani. Yule wa Posta anatoka mjini wakati wengine wanaingia. Anawaona upande wa pili wamesimama, madereva wamezima injini, mama mmoja anampa mtoto uji ndani ya gari. Anafika, anavaa beji yake, anakunywa chai, anapata nambari za simu tatu za maana. Yule wa Kimara bado anahesabu nguzo za umeme.

Sasa, sitadanganya kwamba kanuni hii haivunjiki. Ijumaa inavunjika. Mwisho wa mwezi inavunjika. Mvua ikinyesha saa 11 alfajiri hakuna cha kupishana wala cha kwenda na watu, wote mnaoga foleni moja. Na siku hizi za ujenzi wa njia za mabasi ya mwendokasi, barabara uliyoizoea mwezi uliopita leo imepangwa upya, mapipa ya rangi yamewekwa pengine, na dereva wangu wa miaka yote ananiambia, "Bosi, hata mimi nabahatisha." Ninapomwambia mjumbe aondoke dakika tisini kabla, hiyo tisini sikuipata kwenye hesabu yoyote. Niliipata kwa kuaibika mara nyingi.

Tuje kwenye ramani ya simu, maana naambiwa napinga teknolojia. Siipingi, naitumia kila siku. Ninachouliza ni: uliiangalia saa ngapi? Kijana wangu wa unga wa lishe aliiangalia saa 4 usiku, amejilaza kitandani kwao Singida, anatafuta chumba. Saa 4 usiku Bagamoyo Road unaweza kuiendesha ukiwa umefungua kioo, mkono nje. Programu ikamwambia ukweli wa saa 4 usiku. Kuna sehemu ya kuchagua siku na saa ya kuondoka. Iguse, weka Jumanne saa 1 asubuhi, uone namba inavyobadilika sura. Hiyo peke yake ingepunguza nusu ya simu ninazopokea.

Nusu iliyobaki inamhusu trafiki. Programu inajua magari, haimjui askari aliyesimama katikati ya makutano. Taa inawaka kijani, inazima, inawaka tena, na ninyi mko palepale kwa sababu afande ameamua upande wa wenzenu ndio uvutwe kwanza. Anavuta, anavuta, mpaka unaanza kuamini ana ndugu zake kule. Kisha anawageukia, mnaachiwa kwa mkupuo, na programu inafurahi: dakika kumi na nane! Mnafika makutano yanayofuata, afande mwingine. Ndiyo maana zile dakika hazikuwa zinapungua kwa yule kijana, zilikuwa zinamsindikiza. Na akipita kiongozi na msafara wake, barabara inafungwa, unazima gari na kuongea na jirani.

"Basi nitapanda mwendokasi." Vizuri. Mwendokasi una njia yake, ulianza 2016, na umeniokolea wajumbe wengi kati ya Kimara na Kivukoni, na kwa tawi la Gerezani na la Morocco. Kuwa na njia yake, hata hivyo, ni habari ya basi. Habari yako wewe ni kuingia ndani ya basi. Mwaka fulani binti mmoja kutoka Iringa alibeba bango la kukunja la urefu wa mtu na kreti ya chupa za achari, saa 1 asubuhi, kituo cha katikati ya njia ambako basi linafika limeshajaa tangu Kimara. Yalipita manne. La tano liliichukua kreti bila yeye, maana mikono ya watu wema iliipokea kwanza na mlango ukafunga. Tuliipata Kivukoni, pilipili imevuja kidogo, na mlinzi anapiga chafya. Mwenye mizigo nampelekea ukumbini jana yake jioni, yeye aje mikono mitupu. Na masika ikichachamaa, uliza kwanza Jangwani kukoje. Bonde lile likijaa maji barabara inafungwa, na mwendokasi unakatika vipande viwili.

Majina ya mahali yananisumbua kuliko hata foleni. Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere kiko mtaa wa Shaaban Robert, na Makumbusho ya Taifa yako mtaa huohuo. Mwaka wangu wa kwanza nikaandika kwenye mwaliko, kwa werevu mwingi: "jirani na Makumbusho." Wajumbe kumi na moja walishuka Makumbusho. Yaani stendi ya daladala ya Makumbusho, kule Kijitonyama, Bagamoyo Road, yenye jina la Kijiji cha Makumbusho. Konda aliwashusha sawasawa walikoomba. Kosa lilikuwa langu, na wapo wanaonikumbusha mpaka leo. Tangu hapo siandiki alama ya mahali kabla sijamuuliza konda yeye akisikia hilo neno atamshusha mtu wapi. Si mwenyeji wa Masaki mwenye gari, konda.

Ndugu zangu wa mikoani, Ubungo nao. Bado napokea ujumbe: "nashuka Ubungo, nitafuteni." Stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis 2021, ndiyo Stendi ya Magufuli, na kutoka pale hadi Posta ni safari nyingine kamili. Anayetoka Dodoma au Morogoro namwambia apande treni ya SGR, inafanya safari tangu 2024, inamshusha mjini kabisa; kama ukumbi uko Posta anaweza kutembea, akiwa na leso ya jasho. Posta Mpya na Posta ya Zamani ni vituo viwili, uliza upi. Morocco, Argentina na Palestina zote ni hapahapa Dar, usicheke, shuka.

Saa: mwaliko ukisema saa 2:30 asubuhi na wewe ukatega simu 2:30, utaamka usiku wa manane. Wa Bujumbura na Kigali, huku tuko mbele yenu kwa saa moja.

Kigamboni inanitesa kwa namna yake. Kwenye ramani, chumba cha Kigamboni kiko pua na mdomo na Posta, kuna kamkono ka maji tu katikati. Kwa gari, ama unapanga foleni ya pantoni, ama unazunguka kwa daraja la Kigamboni lililofunguliwa 2016, na ile "pua na mdomo" yako imekufa. Lakini kwa miguu! Unaingia na umati, unasimama kati ya baiskeli na ndoo za samaki, upepo unakupiga, dakika chache uko Kivukoni na nguo yako bado imenyooka. Kuna asubuhi nimeona ndiyo njia bora kuliko zote mjini. Na kuna asubuhi kivuko kimoja kiko matengenezo na umati umejaa mpaka nje ya geti. Nikiulizwa, siku hizi jibu langu linategemea kama mtu anapenda kubanana.

Limebaki la bodaboda, na hapo mimi mwenyewe sijatulia. Sijawahi kumwandikia mjumbe apande boda. Nimewahi kumwambia kwa mdomo. Zimebaki dakika ishirini, mtu yuko Magomeni ndani ya teksi iliyosimama, miezi minne ameandaa wazo lake, nifanye nini? Namwambia avae helmeti, amwambie dereva hakuna haraka (uongo mtupu), na simu yangu naiweka mezani ikinitazama mpaka aingie mlangoni. Wote wamefika. Mwenzangu wa kazi anasema kufika kwao hakuthibitishi kwamba nilifanya sawa, na nimeshindwa kumjibu.

Jioni ndiyo somo wasilolitaka kabisa. Kongamano linaisha saa 11, na wote wanakimbilia getini kwa pamoja, wakati ule ule ofisi zote za Posta zinafunga. Watakaa barabarani mpaka saa 1:30, wamenuna, simu zimeisha chaji. Mimi nasema kaa. Ukiondoka saa 1:15 utafika karibu sawa na aliyeondoka saa 11:15, na huku ukumbini wamebaki watu ambao mchana hukuwafikia: mwamuzi anayesubiri dereva wake aliyekwama kwenye makutano ya Fire, yule mwenye kiwanda cha vifungashio amevua viatu chini ya meza, wahudumu wanaouliza nani atamalizia chai.

Kijana wa unga wa lishe alikaa, tena si kwa ushauri wangu. Boksi lilikuwa zito na hakuwa na nguvu ya kulibeba mara ya pili siku hiyo. Saa 12:40 alikuwa kwenye ngazi na yule mama wa vifungashio. Mama anaikunja pakiti moja, anaibinya kwenye kona, anamwonyesha mahali unga unapotorokea.