Kura Moja ya Chake Chake: Namna ya Kusoma Historia ya Jimbo la Uchaguzi Zanzibar

Tangu yatangazwe matokeo ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, maswali yanayofika kwenye dawati letu la elimu ya mpiga kura yamekuwa na sura moja. Mtu anachukua jina la jimbo lake, anatafuta nani alishinda hapo 1995, nani 2005, nani 2010, anayapanga majina hayo kwa mstari, halafu anauliza vipi jimbo limegeuka namna hii. Wengine hata hawaulizi. Wanatangaza kwamba jimbo lao limeibiwa kwa sababu jina lake halimo tena kwenye orodha. Malalamiko hayo yanastahili kujibiwa kwa heshima, na sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya majimbo yenyewe. Niseme mapema kwamba sizungumzii shauri lolote la uchaguzi lililo mahakamani, wala simtetei mgombea yeyote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Chake Chake, Pemba. Katika uchaguzi wa Januari 1961 Zanzibar ilikuwa na viti 22 vya kuchaguliwa, na kiti cha Chake Chake kilichukuliwa na Afro-Shirazi Party (ASP) kwa tofauti ya kura moja. Kwa kiti hicho ASP ilifikisha viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) ikawa na 9 na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Wajumbe watatu wa ZPPP hawakukaa pamoja: wawili waliungana na ZNP, mmoja akaenda ASP. Ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Sasa rudi nyuma umchukue mpiga kura mmoja tu wa ASP pale Chake Chake, umhamishie kwa ZNP. ASP ingebaki na viti 9, na hata kwa kuongezewa yule mjumbe mmoja ingesimama kwenye 10 dhidi ya 12. Sare isingekuwapo, na pengine uchaguzi wa pili mwaka ule ule usingeitishwa.

Uliitishwa. Jimbo moja liliongezwa ili viti viwe 23 na sare isijirudie, na watu wakapiga kura tena tarehe 1 Juni 1961. ASP ilipata viti 10, ZNP 10, ZPPP 3, na safari hii ZPPP ilisimama yote na ZNP. Sheikh Mohammed Shamte wa ZPPP akawa Waziri Kiongozi kwa viti 13 dhidi ya 10. Ghasia zilizoanza siku ya kupiga kura ziliua watu 68. Nayataja haya kwa sababu bado tunapokea ujumbe wa watu wanaosema kura yao moja haina uzito, na wengi wa wanaosema hivyo wana wazee nyumbani walioishi mwaka ule.

Tuangalie tena hesabu ya Juni 1961, kwa kuwa ndipo penye fundisho ambalo watu hawataki kulikubali. ASP ilipata asilimia 49.9 ya kura zote na viti 10 kati ya 23. Julai 1963, viti vilipokuwa vimefika 31, ASP ilipata kura 87,085, sawa na asilimia 54.2, na bado ikapata viti 13 tu. ZNP kwa kura zipatazo 47,900 ilipata viti 12, na ZPPP kwa kura 25,609 ikapata 6. Vyama viwili vilivyokuwa na chini ya nusu ya kura vikaunda serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na mwezi mmoja baadaye yakaja Mapinduzi. Hakuna mtu aliyekosea kujumlisha. Kura zinahesabiwa ndani ya jimbo. Ukishinda jimbo moja kwa maelfu na ukashindwa majimbo matatu kwa makumi, una kiti kimoja na mwenzako ana vitatu, na zile kura zako za ziada hazivuki mpaka. Kwa hiyo anayeuliza "tulipata kura nyingi, viti viko wapi?" aanze kwa kuitazama ramani.

Na ramani hiyo haijawahi kutulia. Katika uchaguzi wa kwanza, Julai 1957, viti vya kuchaguliwa vilikuwa sita: Mji Mkongwe, Ng'ambo, Unguja Kaskazini, Unguja Kusini, Pemba Kaskazini na Pemba Kusini. Jimbo lililoitwa Chake Chake halikuwepo. Waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, raia wa Sultani, tena waliotimiza masharti ya umri na ya mali au elimu. Ng'ambo, Abeid Amani Karume alipata kura 3,328 na Ali Muhsin wa ZNP 918. Wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza 1961. Ukilinganisha matokeo ya 1957 na ya 1961 mahali popote Unguja au Pemba, unalinganisha eneo tofauti na wapiga kura tofauti. Hilo kwetu ni jambo la wazi, lakini kila mwezi naletewa jedwali lililoyaweka pamoja.

Baada ya Januari 1964 hapakuwa na uchaguzi wa majimbo kwa muda mrefu. Sheria zilitungwa na Baraza la Mapinduzi. Baraza la Wawakilishi, yaani chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar, lilianza 1980, na wajumbe wake wakachaguliwa moja kwa moja na wananchi kuanzia 1985, chini ya chama kimoja. Rekodi za kipindi hicho zipo, ila hazisemi chochote kuhusu nguvu ya vyama, na asiyelizingatia hilo hujichanganya.

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa 22 Oktoba 1995 ulifanyika katika majimbo 50: 29 Unguja na 21 Pemba. Chama cha upinzani cha CUF (Civic United Front) kilichukua majimbo yote 21 ya Pemba, Chake Chake likiwamo, na matatu ya Unguja. CCM ilipata 26. Mwaka 2000 matokeo ya majimbo 16 ya Mjini Magharibi yalifutwa na upigaji kura ukarudiwa tarehe 5 Novemba bila CUF kushiriki. Anayechora mstari wa historia ya jimbo lolote kati ya hayo 16 aweke alama kubwa kwenye mwaka huo, maana chama kimoja kikuu hakikuwemo. Na alama hiyo hiyo aiweke kwa majimbo yote kwenye 20 Machi 2016, uchaguzi wa marudio baada ya ule wa 25 Oktoba 2015 kufutwa, ambao CUF pia iliususia.

Halafu kuna mapitio ya mipaka kabla ya uchaguzi wa 2005. Pemba ilishuka kutoka majimbo 21 hadi 18 na Unguja ikapanda kutoka 29 hadi 32. CUF, iliyopata majimbo 21 Pemba mwaka 1995, ilipata 18 mwaka 2005. Nimesoma maandishi ya watu wenye elimu wakisema chama hicho kilipoteza majimbo matatu Pemba. Hakikupoteza jimbo hata moja: kilishinda yote yaliyokuwepo, pamoja na la Mji Mkongwe kule Unguja. Kilichopungua ni idadi ya majimbo, na idadi hiyo hupungua mezani, kwenye mapitio, miezi mingi kabla ya siku ya kura. Mwananchi anayetaka kulalamika alalamike wakati huo. Uchaguzi ukishapita, mipaka iliyotumika ndiyo iliyotumika.

Mwaka 2015 mambo yalizidi kuwa magumu kwa wapiga kura wetu. Majimbo ya Baraza la Wawakilishi yaliongezwa kufika 54, huku majimbo ya Zanzibar kwa Bunge la Jamhuri ya Muungano yakibaki 50. Mtu mmoja, nyumba moja, ramani mbili. Mwaka 2020 ya Baraza yakarudi 50. Baadhi ya majina yaliyotokea 2015 yakatoweka 2020, na hapo ndipo penye mzizi wa malalamiko mengi ya "jimbo letu limeibiwa". Jina likiondoka, shehia zake, yaani maeneo madogo ya kiutawala yanayounda jimbo, haziondoki. Zinapangwa ndani ya jimbo jingine, na ndizo za kufuatilia. Ukitaka historia ya kweli ya mahali pako, fuata shehia yako kutoka uchaguzi hadi uchaguzi, usifuate jina la jimbo.

Tufanye hesabu moja kwa takwimu ambazo kila mtu anaweza kuzipata. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar: 1,346,332 Unguja na 543,441 Pemba. Kwa majimbo 50, wastani ni karibu watu 37,800 kwa jimbo. Kwa mgawanyo wa 32 na 18, jimbo la Unguja lina wastani wa watu 42,000 na kidogo, la Pemba 30,000 na kidogo. Kuna wanaosema hesabu hiyo inaidhulumu Unguja, na wapo wanaosema Pemba ilishadhulumiwa pale ilipopunguziwa majimbo. Si kazi yangu kuamua. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inaweka idadi ya majimbo kati ya 40 na 55, na katika kukata mipaka haitazami watu peke yao: inatazama pia njia za mawasiliano, hali ya kijiografia na mipaka ya kiutawala. Mwenye hoja aijenge juu ya vigezo hivyo.

Sasa utaratibu, maana nusu ya malalamiko yanapelekwa kusikohusika. Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani husimamiwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Rais wa Muungano na mbunge husimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mwakilishi na mbunge si mtu mmoja, na barua kuhusu mmoja ikipelekwa kwenye tume isiyo yake itarudishwa. Kuandikishwa kwenye Daftari la Kudumu kunafanyika mahali unapoishi kweli, kwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na sheha wa shehia yako ana nafasi katika kuthibitisha ukaazi. Ukihama, uhamishe taarifa zako. Usijiandikishe upya kana kwamba hukuwahi kuandikishwa. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, lenye adhabu ya kisheria hata kama hukupiga kura mara mbili, na hata kama aliyekushauri ni kiongozi wa chama chako. Kutoa taarifa za uongo kuhusu makaazi ni kosa jingine, linaloshitakiwa peke yake. Daftari likibandikwa kwa ukaguzi, nenda ukaangalie jina lako na la aliyefariki nyumbani kwenu. Pingamizi huwekwa wakati huo, kwa maandishi, kwa afisa husika.

Mapitio ya mipaka yakitangazwa tena, maoni yatakayofaa ni yale yanayotaja shehia kwa jina, idadi ya watu wake kwa sensa, barabara inayoiunganisha au bahari inayoitenga na makao ya jimbo, na jimbo ambalo wakaazi wanaona wanastahili kuwemo, pamoja na sababu. Barua yenye saini mia tatu na sentensi moja ya "tunapinga" inapokelewa na kuwekwa kwenye faili, lakini haimpi mkata mipaka kitu cha kufanyia kazi. Kama hamna mwenye ramani, sheha na ofisi ya wilaya wanajua mipaka ya shehia. Waulizeni kabla ya kuandika.