Sabuni, unga wa lishe na maharage: tunavyodanganyana kwenye mambo ya kujitengenezea nyumbani

Mwaka juzi nilipika sabuni ya maji lita 20. Ndoo nzima, na nyumbani tupo wanne na mmoja bado ananyonya, nikajiona nimemkomesha Mangi na duka lake. Haikufika hata nusu ndoo ikaanza kunuka kama maji ya mtaro, juu imeweka utando, nikaimwaga chooni usiku mama mkwe asione. Asubuhi nikarudi kwa Mangi kununua sabuni kama kawaida.

Tangu hapo kila nikitumiwa mambo ya "tengeneza mwenyewe uokoe hela" najiuliza kitu kimoja tu, wameruka hatua gani. Maana mara nyingi kitu chenyewe ni kizuri na kinafanya kazi, ila anayekusimulia ameimeza ile sehemu moja yenye kazi, na hela iko hapo hapo.

Tuanze na hiyo sabuni. Watu wanaamini kujitengenezea ni bei rahisi siku zote. Ukweli inategemea unatumia kiasi gani na kitakaa muda gani. Slesi na sulfoniki (hizo mbili ndo kemikali zinazosafisha), sodaashi, manukato, vyote vinauzwa kwa vipimo vya mtu anayepika nyingi, ukipika lita 5 unabaki na vichupa nusu nusu kabatini, ukipika 20 inaharibika kabla haijaisha, halafu ukilalamika unaambiwa si ungeweka fomalini. Jamani fomalini ni ile ile ya mochwari. Formaldehaidi iliyomo ndani yake imewekwa na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 2004, sasa wewe unaoshea vikombe vya mtoto. Sisi siku hizi tunachanga watatu, mimi na wifi na jirani wa mlango wa pili, tunapika ndoo moja tunagawana, inaisha kabla haijapata muda wa kunuka. Hapo ndo hesabu inakubali.

Na hii ya "sabuni nzito ndo kali" naomba iishe. Uzito unatokana na chumvi. Unaweka kidogo kidogo sabuni inakuwa nzito, ukizidisha inarudi kuwa nyepesi kama maji na hapo huwezi tena kuirudisha kwa kuongeza chumvi nyingine. Haihusiani na kutoa mafuta kwenye sahani. Kinachotoa mafuta ni slesi na sulfoniki, kwahiyo mtu anaweza kukuuzia maji yenye slesi kidogo na chumvi, mazito mazuri yana rangi ya ndimu na mafuta hayatoki. Kingine, sulfoniki ni asidi, ile sodaashi inawekwa kuipoza, ukiruka kupima na karatasi ya litmasi mikono inaanza kuwasha unasema oh nina aleji.

Sabuni ya kipande nayo ina uongo wake, "ya asili, haina kemikali". Wifi yangu ametokea Kigoma, kwao wanapika sabuni ya mawese na ya mise (mafuta ya kokwa ya mchikichi) toka yeye mtoto, na alicheka sana aliposikia hiyo. Hakuna sabuni bila magadi makali, iwe kostiki ya dukani au maji ya majivu kama walivyofanya bibi zetu. Mafuta na kostiki vikikutana vinageuzana na kuwa sabuni, na kama ulipima vizuri mwisho wake kostiki haibaki. Kipimo ndo hatua inayorukwa. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inameza gramu 183 hivi za kostiki, kilo 1 ya mawese inameza gramu 141 tu. Sasa mtu anapewa vipimo vya nazi, anaona nazi ghali, anaweka mawese, kostiki anaacha ile ile. Hiyo ni gramu 40 na kitu za kostiki zimebaki ndani zinasubiri ngozi yako. Unapunguza hata kidogo chini ya hapo, watu wengi wanatoa asilimia 5, ili mafuta ndo yabaki na sio kostiki. Mizani ya jikoni ile ndogo ndo kifaa cha kwanza kununua, sio vyombo vizuri vya umbo la maua vya kumwagia sabuni.

Halafu kostiki inamwagwa kwenye maji, sio maji kwenye kostiki, yatachemka yakurukie usoni. Na usitumie sufuria. Sufuria zetu nyingi ni alumini na kostiki inaila alumini inatoa gesi inayoshika moto, tumia ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha stili. Ukishakata vipande vikae wiki 4 mpaka 6 vikauke, ukitumia mapema sabuni inayeyuka siku tatu imeisha halafu unasema za kienyeji hazidumu.

Sasa unga wa lishe, hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo tunapoteza hela na afya kwa pamoja.

Kila mama anajua, mtoto akifika miezi 6 unaanza kukusanya: mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, dagaa, mwingine anatia na korosho, unapeleka mashine unarudi na kilo 10. Dhana ni kwamba vikiwa vingi ndo lishe inakuwa nyingi. Hapana. Mahindi, mtama, mchele, uwele vyote ni nafaka, kazi yao karibu ni moja, kuweka 5 hakumpi mtoto mara 5. Kinachotakiwa ni nafaka moja au mbili na jamii ya kunde moja, kiasi cha sehemu 7 kwa 3 hivi, kwa sababu protini ya nafaka ina upungufu ambao kunde au soya inaujazia na kunde nayo inajaziwa na nafaka. Basi. Na mtoto akiharisha au akitoka vipele unajua umtoe nini, ukiwa umeweka vitu 11 utajuaje?

Soya mbichi ndo kosa kubwa. Inasagwa kavu kavu hivyo hivyo, na soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, yani umenunua protini halafu umenunua na kizuizi chake. Ichemshe kwenye maji yanayochemka kama dakika 20 na kitu, isugue maganda yatoke, anika ikauke kabisa, kisha mashine. Inachosha ndio. Ukiona inachosha tumia kunde au choroko, ila unga wake upikwe uive vizuri.

Karanga na dagaa mimi sisagi humo kabisa. Mafuta yao yanafanya unga uchachuke mapema, utausikia unakereketa kooni, na kilo 10 ya unga uliochachuka inaishia kwa kuku. Natwanga karanga za siku mbili tatu, natia kijiko uji ukiwa jikoni. Na karanga zenyewe, hapa naomba mnisikilize, kuna imani kwamba zikiwa na ukungu ukizikaanga sana zinakuwa salama. Sumukuvu, yani sumu inayoachwa na ukungu, haifi kwa moto wa jikoni. Kukaanga kunapunguza sehemu tu, hakuimalizi, na kuchemsha nako hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na Kenya mwaka 2004 kule Makueni na Kitui na jirani zake waliugua 317 wakafariki 125, wale walikuwa wanakula ugali ulioiva vizuri tu. Dawa ni kuchambua kabla, punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka, tupa. Usiwape hata kuku. Zile karanga za bei ya chini sokoni ambazo zimechaguliwa zikabaki, ndo hizo zilizotolewa kwenye nzuri, uliza kwanza kwanini ni bei ya chini.

Kitu ambacho kingefaa kusambazwa na hakisambazwi ni kimea. Uji mzito mtoto hawezi kuumeza, ukiongeza maji anashiba maji. Loweka ulezi usiku mmoja, uweke kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu uchipue, anika ukauke vizuri, saga. Uji mzito ukiwa umepoa kiasi cha vuguvugu unatia kijiko kimoja cha kimea unakoroga, ndani ya dakika chache unalainika wenyewe, halafu urudishe jikoni uchemke kidogo. Mtoto anakula uji laini wenye unga mwingi. Watafiti wa lishe hapa Tanzania waliliandika hili toka miaka ya 1980, sio jambo jipya, ni kwamba halina pakti yenye picha ya mtoto mnene. Tumia ulezi lakini, mtama ukichipua vile vichipukizi vyake vina sayanidi.

Maharage nitasema haraka. Tumeambiwa chumvi ikiwekwa mapema maharage yanakuwa mawe. Mi nimejaribu mwenyewe mara kibao, loweka usiku na chumvi kijiko kwenye maji, asubuhi mwaga yale maji, yanaiva laini na ganda halipasuki ovyo. Yanayogoma ni yale uliyotia nyanya, ndimu au ukwaju kabla hayajaiva, asidi ndo inakaza ganda. Na maharage ya zamani, yale yaliyokaa ghalani mwaka, hayo hata uyaimbie. Magadi yanasaidia kweli, yanalainisha haraka, ila yanaua vitamini B1 na ukizidisha unasikia ladha ya sabuni, kwahiyo kama umeloweka sioni haja yake.

Kuna na kapu la kupikia, lile la kushonea mto wa matambara ndani, unachemsha sufuria unaifukia humo chakula kinamalizikia kuiva bila moto. Linafanya kazi, wali unaiva vizuri, maharage saa 3 au 4. Ila ya mekundu yana sumu yake ya asili inayotaka mchemko wa nguvu, joto la vuguvugu haliiui, chache tu zisizoiva zinatapisha familia nzima. Chemsha kwa fujo nusu saa ndo ufukie. Hiyo nusu saa ndo hatua iliyorukwa kwenye kila maelezo niliyoona ya hilo kapu.

Siki na magadi ya kuokea kwa pamoja eti vinasafisha kila kitu? Vinatoa povu kwa sababu vinauana, asidi na magadi, ukimaliza kutazama povu umebaki na maji yenye chumvichumvi. Tumia siki peke yake kwenye ukoko mweupe wa birika, tumia magadi peke yake kusugua masizi. Jiki ndo usiichanganye na siki wala ndimu, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na choo chetu hakina dirisha.

Mkaa wa vumbi napenda sana, chenga za chini ya gunia unapepeta, unachanganya na uji wa unga wa muhogo, unafinyanga matonge, unaanika juani siku 4 au 5. Wanaosema hauwaki waliutoa juani siku ya pili, au wamejaza udongo, maana udongo unafanya tonge lishikane ila ukizidi unabaki na jivu tu. Unachelewa kushika lakini ukishika unakaa, ni mkaa wa makande sio wa chai ya asubuhi. Uongo ulio hatari ni kwamba kwa vile hautoi moshi unaweza kulala nao ndani kipindi cha baridi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na moto wa taratibu kama huu unaitoa vizuri tu. Jiko linalala nje, hata kama mvua inanyesha.

Mwisho vishikio vya sufuria, maana na kushona nako nimejikuta humo. Niliona mtu anasema nguo yoyote kuukuu inafaa, nikakata gauni la zamani la kung'aa nikashona kishikio kizuri chenye ua katikati. Siku ya kwanza kikaganda kwenye mpini wa kikaango. Ile ni polista, ni plastiki, inayeyuka. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa uuwashe kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi inabaki majivu, polista inajikunja inakuwa kijipele kigumu cheusi. Sasa natumia jinzi zilizochoka za baba watoto, zile za pamba tupu zisizovutika, mikunjo mitatu, katikati kipande cha taulo, nashona kwa mkono wakati maharage yapo kapuni. Lile ua sikurudia kulishona, linakaa sebuleni kwenye kochi limefunika tundu la sigara la mgeni mmoja ambaye simtaji.