Je, wajua kwa nini gari iliyopakia juu huyumba kwenye kona?

Mchana, gari za shamba zinapopakia mjini Unguja, itazame chai maharage moja, ile gari ya abiria yenye bodi ya mbao na mabenchi, kabla haijaondoka. Juu ya keria tingo ameshapanga mapolo ya mbatata na godoro, anaikaza kamba huku kaegemeza mguu. Gari ikikata kona ya kulia, bodi yote hulalia kushoto, springi za upande huo hubonyea na abiria hugandamizana. Kwani gari nzito si ndiyo imara?

Kitu kinachokwenda hung'ang'ania kwenda moja kwa moja. Dereva akizungusha usukani, tairi huivuta gari kwa chini iingie konani, lakini mzigo wa juu bado unataka njia yake ya mwanzo. Unapokaa juu zaidi ndipo unapopata nguvu zaidi ya kuipindua gari, kama ngalawa inavyolala upesi ukiusukuma mlingoti kileleni kuliko ukiusukuma shinani. Na kona ile ile, mbio zikipanda kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nguvu hiyo huongezeka mara 4. Lishushe polo hilo hilo chini ya benchi: uzito haukupungua hata ratili moja, lakini gari imetulia.

Wanaosifu uzito nao wana hoja. Gari ya tani 2 na ya tani 1 zikigongana uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 50 kwa saa, zikanasana, ile nzito hupoteza mwendo wa kilomita 33 hivi. Nyepesi husimamishwa kisha ikarudishwa nyuma, jumla kilomita 67. Aliyemo kwenye gari nzito amenusurika kwa gharama ya mwenzake, na njiani kwetu mwenzake huyo mara nyingi yuko juu ya baskeli au vespa. Mimi usalama wa namna hiyo siuhesabu. Isitoshe, uzito ukizidi, breki nazo zina joto zaidi la kubeba.

Kinga iliyo bora kuliko uzito ni nyepesi mno: mkanda wa kupita begani na kiunoni, aliousanifu Nils Bohlin wa Volvo, ukaanza kufungwa garini mwaka 1959. Kwenye mabenchi ya chai maharage haupo. Hapo abiria anategemea mbio za dereva, na mahali tingo alipoliweka polo.