Kumlea korongo taji bila kumharibu miguu wala akili

Katika miaka ya 1970 na 1980 nilikuwa mtunza ndege katika kituo cha wanyama yatima cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1964 karibu na lango kuu la mbuga. Kati ya ndege wote waliopita mikononi mwangu, korongo taji ndiye aliyenifundisha mengi zaidi. Wengi walioletwa kwetu walikuwa wameokotwa wakiwa vifaranga kwenye vinamasi vya magharibi mwa Kenya, wakafugwa nyumbani kama pambo la bustani, kisha mwenye nyumba akachoka nao.

Jambo la kwanza nililokagua lilikuwa miguu. Kifaranga wa korongo hukua kwa kasi ya ajabu, na mfugaji mwenye nia njema humpa chakula cha kuku wa nyama, chenye protini nyingi, akidhani anamsaidia. Matokeo yake mwili unakuwa mzito kabla mifupa haijakomaa, na akifungiwa bandani bila kutembea, miguu hupinda na vidole hujikunja. Porini kifaranga huyo hushinda akitembea nyuma ya wazazi wake, akidonoa panzi hapa na mbegu ya nyasi pale. Kwa hiyo tuliwapunguzia chakula kizito na kuwatoa nyasini kila asubuhi, tukiwatupia wadudu kwa umbali ili wawafuate, na baada ya muda walianza wenyewe kukanyaga ardhi kwa vishindo ili kuwafurusha wadudu, kama wafanyavyo korongo wakubwa. Kidole kilichoanza kujikunja tulikinyoosha juu ya kipande cha kadibodi na kukifunga kwa plasta kwa siku chache. Kwa kifaranga mchanga njia hiyo hufaulu. Kwa ndege aliyekwisha komaa, mguu uliopinda haunyooki tena.

Mabawa yalikuwa na habari mbili tofauti kabisa. Aliyekatwa manyoya tu hurudi kuruka baada ya kunyonyoka na kuota mengine, lakini aliyekatwa ncha ya bawa kwenye kiungo hataruka maisha yake yote, na huyo ndiye tuliyelazimika kumwekea kitulio cha chini anachoweza kukifikia kwa kupanda. Wasanifu wa vizimba husahau kwamba korongo taji, tofauti na korongo wengi, ana kidole kirefu cha nyuma na hulala juu ya miti. Ukimlaza kwenye sakafu ya saruji, nyayo zake hupata vidonda vigumu kuponya.

Lililo gumu kuliko yote ni akili. Kifaranga aliyelelewa na binadamu pekee huamini kwamba yeye ni mmoja wao, na akifikia umri wa kutafuta mwenzi humchezea mtunzaji ile ngoma yao maarufu, akiinama, akiruka na kukunjua mabawa, huku korongo wa kike akisimama kando bila kutazamwa. Kule Wisconsin, Marekani, mtaalamu George Archibald alikabiliwa na hali hiyo kwa korongo mweupe aliyeitwa Tex, akalazimika kucheza naye mwenyewe misimu kadhaa ili atage, hadi kifaranga mmoja alipoanguliwa mwaka 1982. Sisi tulijitahidi kuzuia mapema: vifaranga waliwekwa pamoja, mahali wanapowaona na kuwasikia wakubwa wao, na mtunzaji aliingia kwa kazi tu, bila kuzungumza nao wala kuwapapasa. Wageni walituona wakali. Naamini hadi leo kwamba huo ndio ulikuwa upendo wenyewe.

Tangu mwaka 2012 korongo taji wa kijivu amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu ya kukauka kwa vinamasi na ya huko kuokotwa mayai na vifaranga. Nchini Rwanda ndege waliokuwa wakifugwa majumbani wamekusanywa, wazima wakarudishwa porini na walemavu wakapewa hifadhi Kigali. Kwa hiyo ukimkuta kifaranga peke yake kwenye majani ya kinamasi, usimguse. Hujibanza kimya kwa sababu ameagizwa hivyo kwa mlio, na wazazi wake wako karibu wakingoja uondoke.