Unguja mpaka Pemba kwa tanga usiku: anza na saa ya kufika

Wengi wanaokuja kutuuliza habari za kusafiri usiku na mashua ndogo ya tanga swali lao la kwanza ni nitoke saa ngapi, na sisi wa usalama baharini tunawajibu hivi, tuambie kwanza unataka kufika saa ngapi. Usiku ukiwa katikati ya bahari na maji marefu chini yako hauna shida kubwa kama watu wanavyodhani, shida iko kule mwisho unapokaribia miamba na mafungu na mlango wa kuingilia bandarini huuoni.

Chukua safari ya kutoka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka bandari ya Mkoani, Pemba. Ni kama maili 55 za bahari. Mashua yako inakwenda noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, unapiga hesabu unapata masaa 11, basi unang'oa nanga saa 1 usiku ili ufike saa 12 asubuhi kumeshakucha. Kwenye karatasi safi kabisa, ila mkondo hujauweka. Maji ya pwani yetu yanakwenda kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, yanakimbia zaidi, yakikusukuma noti 2 tu ujue unakwenda 7, yaani masaa 8 hivi umeshafika, saa 9 usiku, giza totoro, na ukipitiliza kidogo unaikuta miamba ya kisiwa cha Misali, kaskazini ya Mkoani. Kwa hiyo chelewa kutoka, au weka tanga dogo kabla ya magharibi (kubadilisha tanga gizani upepo umeshachachamaa ndiko watu wanakoumia), na ukifika mapema kaa nje kwenye maji marefu mpaka kuche. Najua ni vigumu kungoja nje wakati taa za mji unaziona na watu wamechoka, lakini ngojeni, tafadhali. Ramani ya kwenye simu haioneshi kila fungu.

Msimu wa kaskazi nao una yake. Mkondo bado unapanda kaskazini na upepo unatoka hukohuko, vinagongana, na pale Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, mawimbi yanasimama mafupi mafupi yanavunja mashua. Angalia utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, siku hiyohiyo, upepo ukiwa mkali ahirisha.

Taa sasa. Sheria ya kimataifa ya 1972 ya kuzuia kugongana inataka mashua ya tanga iwe na nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe nyuma, na chombo cha chini ya mita 7 kisichoweza kuzifunga kiwe na tochi au taa tayari mkononi ya kuonesha mapema. Mulika tanga lako ili meli ikuone. Meli ya noti 18 inamaliza maili 6 kwa dakika 20, kwa hiyo zungusha macho pande zote kila baada ya dakika 10, na ukiona taa yake imeganda kwenye pembe ileile ya dira huku inakua, mnaelekea kugongana, geuka mapema.

Gaweni zamu, masaa mawili au matatu. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikae chini ya mizigo. Meli ya abiria MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, na waliookoka wengine walishikilia magodoro. Aliye zamu ajifunge kamba, na haja ndogo ifanyike kwenye ndoo, sio kusimama ukingoni, maana mwenzako amelala na ukidondoka hakusikii.

Redio ya mawasiliano ya baharini (VHF) iwe chaneli 16, ya dharura, simu kwenye mfuko usioingia maji. Na mwachie mtu wa nchi kavu idadi yenu, njia mnayopita na saa ambayo asipowasikia atoe taarifa kwa ZMA, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, au polisi, halafu mkifika mpigieni kabla hata hamjashusha mizigo, watu wasitoke kuwatafuta bure.