Programu ya Takwimu Imenunuliwa, Mbona Kikao Bado Kinasoma Makaratasi?

Taasisi nyingi hununua programu za uchambuzi wa takwimu kama Power BI au Tableau zikitarajia wakuu waone mwenendo wa kazi mapema na kuamua mapema. Mwaka ukipita dashibodi, yaani skrini inayoonyesha takwimu kwa grafu, ipo na inapendeza, lakini menejimenti inaendelea kugawiwa taarifa iliyochapwa. Lawama huangukia programu, au watumishi wanaodaiwa kuogopa teknolojia. Mimi naona tatizo linaanzia kwingine: anayeingiza takwimu hazimsaidii, na anayepaswa kuzitumia haziamini.

Sekta ya afya inalionyesha hili vizuri. DHIS2 ni programu huria ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya, inayoendelezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, na chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na hapa Tanzania ndiyo inayobeba taarifa za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Haina ada ya leseni. Kwa hiyo kama ingekuwa fedha ya leseni tu ndiyo inayokwamisha mifumo ya aina hii, hapa tusingekuwa na la kuzungumza.

Twende kwenye zahanati isiyo na kompyuta, mwisho wa mwezi. Muuguzi anafungua rejesta ya wajawazito na kupitia mstari kwa mstari: nani amehudhuria kwa mara ya kwanza mimba ikiwa chini ya wiki 12, nani amepata dawa ya kuzuia malaria. Anapiga vijiti vitano vitano kwenye karatasi ya majumlisho, anahamishia jumla kwenye fomu ya mwezi, na fomu inapelekwa wilayani kuingizwa kwenye mfumo. Muda wote huo akina mama wako kwenye benchi wakimsubiri. Akiruka mstari, huenda asijulishwe kamwe. Akihesabu kwa usahihi, pia hasikii neno. Takwimu zimepanda juu na hazijarudi kumwambia kama wajawazito wa kijiji chake wanawahi kliniki au wanachelewa. Mtu wa namna hii akija kuchoka na kukadiria, kumwita mzembe ni kumwonea.

Upande wa pili yuko kiongozi. Anafungua dashibodi na kukuta chanjo fulani imefikia asilimia 112 ya watoto. Anacheka, anaifunga, na kuanzia hapo anamtegemea ofisa mwenye faili lake la Excel. Kumbe kompyuta imegawanya sawasawa, waliochanjwa kwa wanaolengwa. Idadi ya watoto wanaolengwa hukadiriwa kutokana na sensa, na makadirio yakizeeka hupishana na hali halisi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini. Ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Isitoshe, wapo akina mama wanaovuka mpaka wa wilaya kufuata kituo kilicho karibu. Maelezo haya yangewekwa pale pale chini ya grafu, imani isingevunjika.

Nje ya afya mambo hayatofautiani sana. Katika mamlaka ya maji, idara ya biashara inaweza kuhesabu kila akaunti kuwa mteja, wakati mafundi wanahesabu dira zinazopitisha maji tu. Programu ikiunganisha hesabu hizo inafichua mgogoro uliokuwepo siku nyingi, na kuumaliza ni kazi ya mkurugenzi, si ya fundi wa kompyuta.

Kuna na hofu, ambayo haisemwi hadharani. Grafu nyekundu ikitumika kumkaripia meneja wa tawi mbele ya wenzake, mwezi unaofuata itakuwa ya kijani, na huduma itabaki vilevile. Kwangu hiki ndicho kikwazo kibaya kuliko vyote, kwa sababu kinaharibu takwimu kwenye chanzo na hakuna programu inayoweza kuzitengeneza tena.

Mafunzo ya siku chache, uhamisho wa watumishi bila makabidhiano, na miradi ya wafadhili inayoisha kabla taasisi haijatenga bajeti ya seva na intaneti, vinajulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nayo isiwe kisingizio cha kufungia kila kitu. Jumla ya wagonjwa wa wilaya haimtaji mtu. Jalada la mgonjwa linamtaja, na hilo lilindwe kweli kweli.

Kabla ya kutangaza zabuni, chagueni kikao kimoja cha kila mwezi na maswali mawili au matatu ambayo kikao hicho hulazimika kuyaamua. Programu ijaribiwe kwa maswali hayo tu. Skrini ifunguliwe kikaoni, uamuzi uandikwe kwenye muhtasari pamoja na takwimu uliotokana nazo, kisha ukurasa mmoja wa matokeo urudishwe kwa aliyehesabu, hata kama ni wa kubandika ukutani pale zahanati.